Je, Wajua? Haki Jinai Marekani: Miaka Miwili Chuo cha Jamii, Miwili Chuo Kikuu

Je, wajua kwamba chuo cha jamii cha umma kilicho kikongwe kuliko vyote Marekani kilianza na wanafunzi sita tu? Ni Joliet Junior College, jimbo la Illinois, mwaka 1901. Waliokianzisha ni J. Stanley Brown, msimamizi wa sekondari ya mji huo, pamoja na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walitaka kijana asome miaka miwili ya mwanzo ya shahada akiwa nyumbani kwao, kisha aende chuo kikuu kumalizia. Mpango huo haujabadilika mpaka leo.

Je, wajua kwamba mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vyuo vya namna hiyo visambazwe nchi nzima, viwe karibu na watu na visitoze ada? Ada haikuondoka, ila vyuo vilisambaa. Leo viko takriban elfu moja, na haki jinai ni fani utakayoikuta karibu kila unapobisha hodi.

Je, wajua kwamba aliyepigania kuliko wote polisi wa Marekani waende chuo alikuwa mtu ambaye elimu yake rasmi iliishia shule ya msingi? August Vollmer, mkuu wa polisi wa Berkeley, California, alifungua shule ya askari ndani ya kituo chake mwaka 1908, akaajiri wanafunzi wa chuo kikuu kama askari, na mwaka 1931 akawa profesa wa Chuo Kikuu cha California. Mmoja wa askari wake, John Larson, alikuwa na shahada ya uzamivu. Ndiye aliyetengeneza mwaka 1921 mashine ya kupimia uongo.

Je, wajua kwamba San Jose, California, ilikuwa na shule ya polisi ndani ya chuo cha serikali tangu 1930? Chuo hicho sasa ni San José State University. Bado kinafundisha masomo ya haki, na wanafunzi wengi hufika hapo wakitokea vyuo vya jamii.

Je, wajua kwamba mwaka 1967 tume ya Rais Lyndon Johnson kuhusu uhalifu ilisema lengo la mwisho liwe kila askari polisi awe na shahada ya kwanza? Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria kubwa ya kudhibiti uhalifu, na ndani yake mkawa na fungu la kuwasomesha polisi na wanaotaka kuingia kazi hiyo, kwa ruzuku na mikopo. Fedha zilipoingia, vyuo vya jamii vikafungua madarasa ya polisi kwa kasi ambayo walimu wake hawakuweza kuifikia.

Mwaka 1978 ikatoka ripoti ya utafiti ulioongozwa na Lawrence Sherman, nayo ilikuwa kali. Ilisema programu nyingi zilikuwa mafunzo ya kazi yaliyovikwa joho la chuo: jinsi ya kuandika taarifa ya tukio, jinsi ya kukamata, jinsi ya kupiga doria, huku mwalimu akiwa askari wa mji uleule anayesimulia kazi yake. Elimu ya kuuliza kwa nini sheria iko hivi, inamwangukia nani, na polisi akikosea nani anamwajibisha, ilikuwa haba. Narefusha hapa kwa sababu mvutano huo kati ya mafunzo na elimu haujaisha. Umo ndani ya prospectus ya chuo chochote cha jamii utakachofungua leo, na ndio unaoamua kama miaka yako miwili itapokelewa chuo kikuu au la.

Je, wajua kwamba chuo kimoja kinaweza kutoa shahada mbili tofauti za miaka miwili katika haki jinai, zote zikiwa na majina yanayofanana? Moja huandikwa AA au AS, nyingine AAS. Herufi A moja iliyoongezeka ina gharama kubwa. AA na AS zimejengwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu: karibu nusu au zaidi ya masomo ni Kiingereza, hisabati, sayansi, historia, saikolojia na sosholojia. AAS imejengwa kwa ajili ya kwenda kazini moja kwa moja, imejaa masomo ya vitendo, na vyuo vikuu vingi hupokea sehemu yake tu. Kijana anayetaka kuanza kazi gerezani au kituoni mapema hakosei akichukua AAS. Anayeumia ni yule aliyetaka shahada ya kwanza, akasajiliwa AAS kwa sababu hakuna aliyemwambia, akagundua mwaka wa pili unapokwisha.

Mzazi, swali la kumuuliza mshauri wa masomo wiki ya kwanza ni hili: "Shahada hii ni ya kuhamia, na chuo kikuu gani kimeandika kwamba kitaipokea yote?" Jibu liwe la maandishi. Mkataba wa vyuo kupokeana krediti, yaani vipimo vya masomo uliyomaliza, huwa waraka unaoonekana, wenye majina ya vyuo vyote viwili na orodha ya masomo.

Je, wajua kwamba ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi wanaohama chuo hupoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya krediti zao? Takwimu hiyo ilitoka kwa waliohama kati ya 2004 na 2009, na inahusu uhamaji wa kila aina, si wa vyuo vya jamii peke yake. Hata hivyo ni mihula mizima ya maisha ya watu iliyolipiwa na kutupwa.

Je, wajua kwamba takriban wanafunzi wanane katika kila kumi wanaoingia vyuo vya jamii husema wanataka shahada ya kwanza, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao walikuta ni asilimia 16 tu wanaoipata ndani ya miaka sita? Pengo hilo silioni kama dalili ya uvivu. Wengi wao wanafanya kazi na wanalea watoto, na njia yenyewe ina milango mingi isiyo na kibao.

Je, wajua kwamba yapo majimbo yaliyoamua kuweka kibao?

California ilipitisha sheria mwaka 2010 iliyoanzisha shahada ya miaka miwili ya kuhamia. Ukimaliza krediti 60 za mpango huo kwa wastani wa alama usiopungua 2.0, unahakikishiwa nafasi katika mfumo wa California State University, unaingia kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na chuo kikuu hakiruhusiwi kukudai zaidi ya krediti 60 nyingine ili umalize fani ileile. Haki jinai imo, kwa jina la "Administration of Justice". Angalizo: dhamana ni ya mfumo, si ya kampasi unayoitamani.

Florida, mwenye AA kutoka chuo cha umma ana hakika ya kupokelewa na mojawapo ya vyuo vikuu 12 vya jimbo. Zaidi ya hapo, masomo yana namba moja jimbo zima: somo la utangulizi wa haki jinai hubeba herufi CCJ na huishia na 020, uwe Miami au Tampa, kwa hiyo chuo kikuu hakina sababu ya kubishana nawe.

New York iko John Jay College of Criminal Justice, iliyoanzishwa 1964 kama chuo cha sayansi ya polisi na baadaye ikapewa jina la jaji mkuu wa kwanza wa Marekani. Tangu 2009 ina ushirikiano na vyuo vya jamii vya jiji hilo: unaanza Bronx, Queens au Brooklyn, na nafasi yako John Jay inakungoja ukitimiza masharti.

Na Kentucky? Mji wa Lexington una Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili, wengi wao waliofika kama wakimbizi. Mjini hapo kuna chuo cha jamii cha Bluegrass, na kusini kidogo, mji wa Richmond, kuna Eastern Kentucky University, inayojulikana kwa masomo ya haki na usalama. Familia inaweza kumsomesha kijana miaka yote minne bila yeye kuhama nyumba.

Je, wajua kinachosomwa chenyewe ni nini? Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Darasa la kwanza la sheria ya jinai karibu lazima likutane na Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961 alishtakiwa Florida kwa kuvunja jumba la mchezo wa puli. Hakuwa na fedha za wakili. Aliomba apewe mmoja, hakimu akamjibu kwamba sheria ya jimbo inatoa wakili kwa kesi za kunyongwa tu. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliandika kwa penseli ombi la kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani, na Machi 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye: maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Kesi iliporudiwa, safari hii akiwa na wakili, baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru.

Kisha Ernesto Miranda, Arizona, 1966. Kutokana na kesi yake, polisi wa Marekani lazima amwambie mtuhumiwa kwamba ana haki ya kunyamaza na haki ya kuwa na wakili kabla ya kumhoji akiwa chini ya ulinzi. Je, wajua kwamba Miranda mwenyewe hakupona? Alishtakiwa upya kwa ushahidi mwingine, akatiwa hatiani 1967. Kanuni inayobeba jina lake iliwalinda mamilioni ya watu, na yeye akafungwa. Mwanafunzi anayeielewa habari hiyo vizuri ameelewa kwamba haki ya utaratibu haitolewi kama zawadi kwa wasio na hatia.

Na kesi ambayo mimi ningeitanguliza kwa kila kijana: Gerald Gault, mvulana wa miaka 15, Arizona, 1964. Alituhumiwa kumpigia jirani simu ya matusi. Wazazi wake hawakuarifiwa alipokamatwa. Mlalamikaji hakufika mahakamani hata mara moja. Hakukuwa na wakili, wala kumbukumbu ya yaliyosemwa haikuandikwa. Akapelekwa shule ya marekebisho mpaka atimize miaka 21, yaani hadi miaka sita. Mtu mzima kwa kosa lilelile angetozwa faini ya kati ya dola 5 na 50, au kufungwa isiyozidi miezi miwili. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba mtoto naye ana haki ya kujua mashtaka, kuwa na wakili, kumhoji shahidi na kunyamaza.

Msomaji wa Kenya atazitambua haki hizi: ibara za 49 na 50 za Katiba ya 2010 zinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, na wakili wa kulipiwa na serikali pale ambapo bila yeye kungetokea dhuluma kubwa. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na mwaka 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilitoa mapendekezo ya kuboresha taasisi za haki jinai. Kijana anayesoma masomo haya Ohio hasomi mambo ya Wamarekani peke yao.

Je, wajua kwamba Marekani ina takriban vyombo 18,000 vya polisi? Vya mji, wilaya, jimbo, shirikisho, hata vya vyuo vikuu. Ndiyo maana masharti ya ajira hutofautiana hivi:

Minnesota kwa miongo mingi imekuwa jimbo pekee linalodai polisi awe na shahada ya angalau miaka miwili. Minneapolis, alikouawa George Floyd mikononi mwa polisi Mei 2020, iko Minnesota. Elimu ni ya lazima, lakini haijitoshelezi.

Polisi wa jiji la New York walidai krediti 60 za chuo kwa miaka mingi. Mwaka 2025 wakashusha hadi 24.

California imepandisha umri wa kuingia upolisi kutoka 18 hadi 21, kwa sheria ya 2021 iliyoagiza pia vyuo vya jamii viandaliwe mtaala wa upolisi wa kisasa.

Wakala maalumu wa FBI lazima awe na shahada ya kwanza, umri usiopungua miaka 23, na uraia wa Marekani.

Je, wajua kuhusu uraia? California tangu 2023, na Illinois tangu 2024, haziwazuii tena wasio raia wenye kibali halali cha kufanya kazi kuwa polisi. Katika majimbo mengi uraia bado ni sharti. Ulizia jimbo lako kabla hujachagua fani.

Je, wajua kwamba hukumu ya kosa dogo la kumpiga mwenza inaweza kufunga mlango wa upolisi kabisa? Tangu 1996 sheria ya shirikisho inamnyima mtu huyo haki ya kushika bunduki.

Je, wajua kwamba huhitaji kutaka upolisi ili usome haki jinai? Wapo maafisa wa probesheni, wasaidizi wa waathirika, makarani wa mahakama, wachunguzi wa ofisi za mawakili wa utetezi, walezi wa vijana. Mahakama za Marekani zinahitaji wakalimani wa Kiswahili, na mkalimani anayejua tofauti ya dhamana, shitaka na hukumu hupunguza madhara kwa mtu aliyesimama kizimbani. Kujua lugha mbili peke yake hakutoshi.

Je, wajua kwamba anayetaka uwakili Marekani hasomi sheria kwanza? Nairobi au Dar es Salaam unaingia LLB ukitoka sekondari. Marekani sheria ni miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo inaweza kuwa ya fani yoyote. Haki jinai inafaa, falsafa au historia nayo inafaa. Kinachotazamwa ni alama na uwezo wa kuandika.

Je, wajua gharama? Mwaka wa masomo 2024–25 ada ya wastani kwa mkazi ilikuwa dola 4,050 kwenye vyuo vya umma vya miaka miwili, na dola 11,610 kwenye vyuo vikuu vya umma kwa mkazi wa jimbo. California mkazi hulipa dola 46 kwa krediti. Krediti zote 60 ni dola 2,760. Ruzuku ya shirikisho iitwayo Pell, ambayo hairudishwi, ilifika hadi dola 7,395 mwaka huo. Raia na mwenye ukaazi wa kudumu wanaweza kuiomba. Lakini ina kikomo cha mihula 12 maishani, na muhula uliotumika kwa somo lisilopokelewa haurudi.

Mwenye visa ya mwanafunzi F-1 hapati Pell. Lazima asome angalau krediti 12 kila muhula, na darasa moja tu la mtandaoni ndilo huhesabiwa katika hizo. Na kwa kuwa haki jinai ya kawaida haimo kwenye orodha ya fani za sayansi na teknolojia, haipati ile nyongeza ya miezi 24 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu.

Je, wajua somo linalowakwamisha wengi wakishahamia? Takwimu. Shahada ya kwanza ya haki jinai au kriminolojia mara nyingi huidai, kwa sababu huwezi kusema uhalifu umepanda au umeshuka bila kujua kusoma namba. FBI hukusanya makosa yaliyoripotiwa polisi tangu 1930. Utafiti wa kuwauliza wananchi majumbani kama wametendewa uhalifu ulianza 1973, kwa sababu mengi hayaripotiwi. Isome takwimu mapema, ukiwa bado chuo cha jamii, darasa likiwa dogo na ada ikiwa ndogo. Madarasa ya Kiingereza kwa wageni nayo yana faida kubwa, lakini mengi hayahesabiwi kwenye krediti 60. Yapangie muda wake.

Je, wajua kwamba mwaka 1994 Marekani iliwanyima wafungwa ruzuku ya Pell, na masomo ya chuo magerezani yakaanguka karibu yote? Ilirudishwa rasmi Julai 1, 2023. Ndani ya gereza la San Quentin, California, kuna Mount Tamalpais College, iliyopata ithibati Januari 2022 kama chuo kinachojitegemea. Kinatoa shahada ya miaka miwili. Na tangu 1997, mpango ulioanzishwa na Lori Pompa wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, unawakutanisha wanafunzi wa nje na wafungwa katika darasa moja. Wazo lilitoka kwa mfungwa wa maisha, Paul Perry. Ukiukuta mpango wa aina hiyo chuoni kwako, jiandikishe mapema.

Je, wajua kwamba cheti cha kidato cha sita, au mwaka uliosoma chuo kikuu cha Afrika Mashariki bila kumaliza, vinaweza kukupa krediti? Baadhi ya vyuo hukubali, baada ya matokeo yako kutathminiwa na taasisi inayotambuliwa. Omba tathmini hiyo kabla ya kujiandikisha muhula wa kwanza, usije ukalipia somo ulilokwisha kufaulu. Kisha iombe tena ukifika chuo kikuu, kwa maana uamuzi wa chuo cha kwanza haukifungi cha pili.